Fimbo ya mbali haiui nyoka

(Maneno yaliyotolewa na mfanyakazi wetu wa uwanjani mbele ya familia zilizohama vita na viongozi wao)



Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, tulisikia Kongo na Rwanda walitia sahihi kule Washington tarehe 27 Juni 2025. Marekani ni wakubwa. Je, tufunge mizigo turudi?" Nilikosa jibu la haraka. Leo ninajaribu kumjibu mbele yenu.

Wazee mnamkumbuka Mobutu. Alichukua utawala mwaka 1965, na Marekani ikasimama upande wake zaidi ya miaka 20. Ilikuwa inashindana na Urusi ya Kisovieti, na Zaire ilikuwa njia ya kupitishia silaha za UNITA huko Angola. Mwezi wa 6 mwaka 1989 Raisi George Bush alimpokea Washington kama rafiki. Kisha mashindano yale yakaisha. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likakata msaada. Mwaka 1993 akanyimwa viza. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilipochukuliwa, hakuna aliyekuja kumwokoa. Mwezi wa 9 akafia Morocco.

Mobutu alikuwa yule yule, na makosa yale yale. Kilichobadilika ni faida ya rafiki yake.

Hata mwaka 2025 tuliona hivyo. Mwezi wa 1 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake duniani, nasi tukaikosa. Miezi mitano baadaye serikali ile ile ikasimamia mkataba, na madini yalikuwa ndani ya mazungumzo.

Sisemi mkataba haufai. Kila sahihi inayoweza kupunguza risasi tunaipokea. Lakini mkubwa anaweza kugeuka kesho, na sisi tutabaki hapa na majirani wetu.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hili. Kabla ya kufunga mzigo, uliza mambo matatu. Nani ana silaha kwenye njia ya kurudi? Nani analima shamba lako sasa? Na wewe na jirani wa kabila lingine, mmekwisha kuongea? Majibu ya haya hayatoki Washington. Viongozi, tumeni wajumbe, wanaume na wanawake, wakaonane na wale waliobaki kijijini, kama njia ni salama. Tuanze mazungumzo hayo sisi wenyewe, bila kungoja gari la mradi.