Kabla ya Rangi, Omba Kuona Chuma

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wanafunzi wa ufundi, mafundi wa jua kali na wenye magari ya zamani mjini Kericho. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.*

  

Kazi yangu ni habari, si nyundo. Nilisomea uanahabari, na mafundi walioketi hapa mbele wanajua bodi ya gari kuliko nitakavyowahi kuijua. Nimekuja kueleza kwa lugha ya kawaida kile ambacho fundi mzuri hufanya, ili mwenye gari ajue cha kudai na mwanafunzi ajue cha kujifunza. Nina neno moja kuu: kazi ya kutu hukaguliwa kabla ya rangi kupakwa. Rangi ikishapakwa, kazi nzuri na kazi mbovu hufanana kwa miezi kadhaa, na wewe umeshalipa.

Mji huu una haki ya kujivunia magari. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za Safari Rally mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa hapa Kericho mwaka 1932. Ushindi wa 1965 aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Gari kuukuu likishikwa na mikono inayojali linaweza kulitangulia jipya. Hata leo barabara zetu zina Peugeot 504, Land Rover na pikapu za Datsun ambazo zimewazidi umri baadhi ya wanaoziendesha. Wengine wanazitunza kwa mapenzi, wengi kwa sababu ndizo wanazozimudu.

Kwa nini kutu inatupenda

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri. Mvua hiyo ndiyo inayotupa chai, na ndiyo hiyo hiyo inayokula magari. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hugeuka kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi huvimba kama lengelenge kabla tundu halijaonekana. Ukiona lengelenge kwenye mlango au juu ya gurudumu, mara nyingi kazi ilianzia ndani zamani.

Huku kwetu kuna mambo matatu yanayoiharakisha. La kwanza ni matope mekundu yanayoganda ndani ya madigadi na kukaa na unyevu kwa siku nyingi. La pili ni majani mabichi yaliyolowa, yanayoziba vitundu vya kutolea maji. La tatu ni mbolea. NPK tunayowekea michai ni chumvi. Punje chache zikibaki kwenye pembe za pikapu huvuta unyevu hewani na kukitafuna chuma usiku na mchana. Baada ya kubeba mbolea, fagia, kisha osha kwa maji mengi siku hiyo hiyo.

Wenye Land Rover za zamani husema gari lao halishiki kutu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tangu 1948 sehemu kubwa ya bodi yake imetengenezwa kwa aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma. Alumini inapogusana na chuma penye maji, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Fundi akirudisha paneli hizo, ahakikishe kuna rangi au mpira katikati.

Ngozi na mifupa

Tofautisheni ngozi ya gari na mifupa yake. Boneti, madigadi na bati la nje la mlango ni ngozi. Chasisi, sakafu, boriti zilizo chini ya milango, mahali mikanda ya usalama inapofungwa na mahali springi zinapokaa ni mifupa. Gari kama Peugeot 504 saluni halina chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, hivyo boriti ya chini ya mlango ikioza, uti wa mgongo umeoza.

Fila, ile ambayo wengi huita puti, ni ya kulainisha uso wa ngozi baada ya kazi kwisha, na isizidi milimita 2 au 3. Ikijazwa kwenye tundu la mfupa, ni udanganyifu. Gari hilo linabeba watoto wa shule na wachuma chai. Likigongwa, puti haizuii kitu.

Mnunuzi, beba vitu viwili. Cha kwanza ni sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Mahali ambapo haishiki bati la chuma, pana fila nene. Paneli za alumini hazishiki sumaku kamwe, kwa hiyo hapo kipimo hiki hakifai. Cha pili ni bisibisi. Kwa ruhusa ya mwenye gari, bonyeza boriti na sakafu kutoka chini. Chuma kizima hukataa; kilichooza huzama.

Kazi inavyopaswa kwenda

Kwanza ni usalama. Betri itenganishwe kabla ya kuchomelea. Tangi la petroli na mabomba yaliyo karibu yaondolewe, pamoja na viti na mazulia, na ndoo ya mchanga na kizimamoto viwe karibu. Gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Rangi za zamani huenda zina risasi, kwa hiyo zisuguliwe kwa msasa wa maji, na fundi avae barakoa.

Pili, rangi na fila vyote vitolewe mpaka chuma king'ae, kisha sehemu iliyooza ikatwe. Isifunikwe kwa kiraka juu yake, kwa maana kutu iliyofunikwa huendelea kula. Ukataji upite mwisho wa kutu kwa sentimita 2 au 3, mpaka kwenye chuma kizima. Kabla ya kukata boriti, bodi ishikiliwe kwa vyuma vya muda milangoni, la sivyo hulegea na milango isifunge tena.

Tatu, kipande kipya. Fundi akate mfano wa katoni kwanza, kisha bati. Hapa wengi huokoa shilingi mahali pabaya kwa kutumia mabaki ya mabati ya kuezekea. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3. Ngozi ya gari huhitaji geji 20 hivi, takriban milimita 0.9, na mifupa huhitaji nene zaidi. Nambari ya geji ikipanda, unene unashuka. Tena bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa.

Nne, kuchomelea. Kipande kishikwe kwa nukta ndogo ndogo, moja huku na nyingine kule, zikiachwa zipoe, ndipo nafasi zijazwe. Anayevuta mstari mmoja mrefu kwa haraka hulipinda bati kwa joto, kisha hulificha pindo kwa fila.

Hapo ndipo mwenye gari aitwe. Njoo uone chuma kitupu, maungio yakiwa wazi. Piga picha. Ukiridhika, ndipo praima, fila nyembamba na rangi vifuate. Mwisho, ndani ya boriti panyunyiziwe nta ya kuzuia kutu, na vitundu vya maji vizibuliwe. Oili chafu ya injini si dawa. Hutiririka na mvua mpaka mto Dionosoyiet, na kuna watu na mifugo huko chini.

Malipo na masomo

Kazi hii huchukua siku nyingi kuliko puti na hugharimu zaidi. Fundi anayeifanya vizuri hupoteza wateja kwa anayepaka rangi juu ya uozo kwa nusu ya bei. Sisi wateja ndio tunaoamua nani atabaki na kazi. Nashauri mapatano ya maandishi yenye malipo ya awamu tatu: gari likishavuliwa rangi na ukubwa wa uozo kujulikana, chuma kikishachomelewa na wewe ukikiona, na rangi ikishakauka.

Kwa vijana: Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Ulizieni nafasi huko. Na ninyi mliojifunza kazi kwa miaka chini ya mti bila cheti, mtihani wa ufundi wa NITA una ngazi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Cheti hakikuongezei ujuzi, lakini humpa mteja asiyekujua sababu ya kukuamini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari ningeongeza: ukiuziba kwa puti, ukuta utakuangukia ukiwa ndani.