Mtumishi Ahamiaye Dodoma na Watoto Wadogo Akae Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, nayo yachapwa hapa kwa faida ya wasioweza kuhudhuria.)



Kamati imenitaka niseme leo juu ya nyumba. Sikuja kusema habari za mishahara wala vyeo, maana hayo yana siku yake. Nataka tushauriane juu ya mtumishi mwenye watoto wadogo aliyepata barua ya kuhamia Dodoma kutoka Dar es Salaam: achague mtaa gani, na kwa kipimo gani?

Kuhama si jambo geni kwetu. Mwaka 1891 Serikali ya Wajerumani ilihamisha makao yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na hapana shaka makarani wa siku zile walifunga mizigo yao kama tufungavyo sisi. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yawe Dodoma, katikati ya nchi. Walakini kwa miaka zaidi ya arobaini ofisi nyingi zilibaki pwani. Mwaka 2016 ndipo safari ilipoanza kwa nguvu mpya; mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu; na mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa huko Mtumba. Basi tangu wakati huo barua za uhamisho zimegonga milango yetu mmoja baada ya mmoja.

Neno langu la kwanza ni hili: ikiwa yawezekana, hameni pamoja. Wenzetu wengi walikwenda peke yao, wakapanga chumba, wakawaacha mke na watoto pwani, au mume na watoto, maana kina mama nao huhamishwa. Kila Ijumaa jioni hukimbilia basi, na tangu mwaka 2024 hukimbilia treni ya umeme. Treni hiyo ni neema kubwa, lakini yaweza kutushawishi kudhani ya kwamba safari ya kila juma ni maisha ya kawaida. Mshahara mmoja hulipa kodi mbili, umeme wa nyumba mbili, vyungu viwili na nauli juu yake. Na mtoto wa miaka mitatu hajui maana ya uhamisho. Ajua tu kwamba baba huja na mfuko, naye huondoka na mfuko.

Simlaumu aliyefanya hivyo kwa dharura. Pengine mwenzi wake ana kazi yake pwani, au ana biashara yenye wateja wa miaka mingi, nayo ni chakula cha nyumba vilevile. Kwa hiyo wawili hawa wakae kitako wapige hesabu pamoja. Ikiwa mama ni mshonaji au muuza vyakula, basi ukaribu wa soko, kama la Majengo au la Sabasaba, uwe na uzito katika kuchagua mtaa, wala usihesabiwe kuwa jambo dogo.

Neno la pili ni juu ya umbali. Mtumba iko kama kilomita 17 mashariki ya katikati ya mji, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Karani akaaye karibu na katikati ya mji na kufanya kazi Mtumba huenda kilomita 34 kwa siku. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, amekwenda kilomita 748. Kwa sababu hii wengi hutafuta nyumba upande wa mashariki, kama Nzuguni au Ihumwa, wapate kuwa karibu na ofisi. Ni shauri jema, lakini nusu yake tu, maana ofisi haisomeshi watoto wala haiwachomi sindano.

Tazameni upande wa mtoto. Shule ikiwa kilomita tatu kutoka nyumbani, mtoto huyo hutembea kilomita sita kila siku, na kilomita 30 kwa juma, kwa miguu yake midogo, na pengine akivuka barabara kuu ya malori. Baba ameketi ndani ya gari. Mtoto yumo vumbini. Umbali hauwezi kuondolewa wote katika maisha ya mtumishi, ila twaweza kuchagua nani auchukue. Nasema auchukue mtu mzima. Kwanza tafuta shule, zahanati na maji. Halafu tafuta nyumba iliyo karibu na hayo. Mwisho upime njia ya kwenda kazini, uone kama yavumilika. Iko mipaka, kweli. Kazi yetu huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri. Mzazi ambaye safari yamfikisha nyumbani watoto wakiwa wamekwisha kulala amekwenda mbali kupita kiasi, naye atafute mtaa mwingine.

Neno la tatu ni maji na majira. Sisi tuliozoea pwani twajua mvua za vuli na za masika. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ina msimu mmoja tu wa mvua, kama kuanzia Desemba hata Aprili. Miezi mingine ni ukavu, upepo na vumbi, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Mwenye mtoto wa kifua na asikimbilie nyumba iliyo ukingoni mwa barabara ya vumbi, hata kama kodi yake ni nafuu. Tena, nyumba itazamwayo mwezi wa Agosti haionyeshi maji ya Januari yapita wapi. Tazama makorongo yaliyo karibu, tazama alama za tope kwenye kuta, uwaulize majirani.

Maji ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Mji umekua kwa haraka, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Usimwulize dalali kama maji yapo, kwa maana atakujibu, “Yapo.” Muulize mama wa nyumba ya pili: hutoka siku zipi? Saa ngapi? Mna tangi kubwa kiasi gani? Nyumba yenye vyumba vinne isiyo na tangi ni taabu kwa mama mwenye mtoto mchanga. Yenye vyumba viwili na tangi zuri ni raha.

Neno la nne: panga kwanza, usinunue kwa haraka. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, na fedha ya uhamisho huisha upesi kama theluji juani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda ukalale huko hata siku mbili. Amka saa kumi na mbili asubuhi, utembee njia ya shule kwa miguu yako, na mtoto akiwepo, mshike mkono mwende naye. Uliza kama zahanati iliyo karibu yapokea kadi ya Bima ya Afya. Kaa katika nyumba ya kupanga mwaka mmoja, upite kiangazi na masika, ndipo ufikiri habari za kiwanja.

Na kiwanja nacho kina mashaka yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikaenda kwa Halmashauri ya mji, ambayo sasa ni ya Jiji. Karatasi za zamani bado zimo mikononi mwa watu. Mtu akikuonyesha karatasi, mshukuru, kisha uipeleke kwanza katika ofisi ya ardhi ya Jiji ikaangaliwe. Aliyekataa karatasi yake isiangaliwe amekwisha kukupa jibu.

Neno la mwisho ni ujirani. Tunakwenda katika nchi ya Wagogo, watu wenye heshima na mifugo na mashamba yao ya mtama na zabibu. Wafundisheni watoto kusema “Mbukwenyi” wapitapo mbele ya wazee. Mtoto ajulikanaye kwa jina mtaani analindwa na macho mengi, na ulinzi huo hakuna ukuta wa matofali uupitao.

Bwana Mwenyekiti, natoa shauri moja. Katibu afungue daftari la mitaa. Kila mwanachama aliyekwisha kuhamia aandike humo: mtaa wake, siku za maji, umbali wa shule kwa miguu, zahanati, kodi atakayo mwenye nyumba, na mahali mvua ipitapo. Atakayepata barua kesho aje alisome kabla hajampa dalali hata senti moja. Wasomi na maandiko ndiyo kazi yetu ya kila siku. Haifai tuyaandike mambo ya Serikali yote, tuache kuandika yale yatakayowafaa watoto wetu.

Nami ni tayari kuandika ukurasa wa kwanza.