Nani Ana Ufunguo wa Pili? Kuunda na Kugharamia Kikundi cha Siri cha Wawindaji wa Mazimwi



Nimepewa dakika ishirini, na karibu zote nitazungumzia fedha. Najua wengi mmekuja na dadu mifukoni mkitaraji tujadili mazimwi yenyewe: yana meno mangapi, yanakufa kwa risasi au kwa dua. Hayo kila msimamizi wa mchezo ana yake. Mimi nimeona kampeni nyingi zikifa (kampeni za michezo ya kuigiza wahusika mezani, si zile za kanga na fulana) bila zimwi kumgusa mtu. Zilikufa kwa sababu hakuna aliyejua kikundi cha wawindaji kinakula wapi.

Nianze na kosa langu. Katika kampeni yangu ya kwanza niliwapa wachezaji tajiri: mzee mwenye meli, mjane, mwanawe aliliwa na kitu kisichojulikana, basi kila walichotaka alitoa. Kufikia kikao cha tatu walikuwa wanaandika orodha kama watu wanaotumwa sokoni. Bunduki nne, darubini za usiku, boti, na mmoja akaongeza gari la wagonjwa, “likipatikana jipya.” Nikamuuliza la nini. Akanijibu, “Si mzee analipa?” Hofu iliishia hapo. Zimwi nililolitunza kisimani kwa wiki mbili halikupata hata kutoa kichwa; walikilipua kisima kizima wakaenda zao.

Baadaye nilielewa kwamba tajiri mwenyewe hakuwa na tatizo. Bram Stoker naye aliwapa wawindaji wake matajiri mwaka 1897, katika Dracula, na mambo yakaenda vizuri. Tazameni wanavyoingia nyumba ya Dracula iliyoko Piccadilly, katikati ya London. Mwizi angesubiri usiku na kushika nondo. Wao wanamtuma Lord Godalming na rafiki yake Quincey Morris mchana kweupe, wanamwita fundi wa kufuli, fundi anatundika koti lake kwenye uzio na kuanza kazi. Askari polisi anapita, anaambiwa neno, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari yake. Fedha na cheo cha Godalming havikununua ufunguo pale. Vilinunua kutoulizwa. Mzee wangu mwenye meli alikuwa ananunua vitu tu, na vitu kila duka linavyo.

Kwa hiyo ninapoanza kampeni siku hizi, bunduki huja mwisho. Kwanza nawauliza wachezaji: watu watano wanaopita makaburini saa nane za usiku wakiwa na sepetu, askari wa zamu akiwamulika tochi, watamwambia nini? Wakipata jibu la kweli, kikundi kimeshaanza kuundwa. Wasipopata, hata wapewe hazina ya Sultani, watalala rumande.

Wenzetu waliolifikiria jambo hili kwa kina kuliko wengi, kwa maoni yangu, ni Dennis Detwiller, Adam Scott Glancy na John Tynes, walioandika Delta Green, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1997. Katika ulimwengu wa mchezo huo, kikundi kilikuwa idara halali ya serikali ya Marekani, kikavunjwa mwaka 1970 baada ya operesheni kuharibika huko Kambodia. Waliobaki wakaendelea kimyakimya, bila idhini na bila bajeti. Wamepangwa katika mashina ya watu watatu watatu, kila shina na herufi yake ya alfabeti, na kila mtu na jina la bandia linaloanza na herufi hiyo. Shina A ndilo linalotoa amri. Ukikamatwa, utawataja wawili tu.

Lakini uzuri wa mchezo ule uko kwenye fedha, maana hakuna. Mwindaji ni mpelelezi wa serikali, au daktari, au askari, na ana kazi yake ya mchana. Akitaka kupima damu ya ajabu, anaipeleka maabara ya ofisini kwa jina la kesi nyingine. Akitaka gari, anaomba ruhusa ya safari isiyokuwepo. Kila kitu kina fomu, na kila fomu ina sahihi yake. Wachezaji wangu waliwahi kutoka salama kwenye pango lenye mambo yasiyosemeka, halafu wakatetemeka kweli walipopokea barua ya mkaguzi wa hesabu akiuliza kilomita mia nne zilizozidi. Toleo jipya, lililoanza kutoka mwaka 2016, linakwenda mbali zaidi: uhusiano wa mwindaji na mkewe, mtoto wake au rafiki yake umeandikwa kwa namba kwenye karatasi ya mhusika, na namba hizo hupungua. Ada ya shule ikigeuka risasi, kuna mtu nyumbani anayejua.

Hunter: The Vigil ya mwaka 2008 nitaipitia haraka, ingawa ina mpangilio mzuri wa ngazi tatu, kutoka kikundi cha majirani hadi shirika kubwa. Humo mna kampuni iitwayo Cheiron Group, inayolipa vizuri na kutoa bima, ila inataka mzoga. Viungo vya mazimwi vinarudi maabara, na vingine vinapandikizwa kwenye miili ya wafanyakazi wake. Ukitaka kampeni ya watu wanaomchukia bosi wao kuliko zimwi, anza hapo.

Sisi wenyewe suala hili si geni kwetu. Simulizi za mumiani na za wazimamoto, zilizozagaa Nairobi, Kampala na miji mingine enzi za ukoloni, zilikuwa zinauliza nani analipa tangu mwanzo. Mwanahistoria Luise White alizikusanya kwa wingi katika kitabu chake cha mwaka 2000, na humo wanyonya damu hawaruki kama popo. Wana sare, wana gari, wana ajira. Msimamizi anayetaka maadui wenye uzito asome simulizi hizo kabla ya kufungua kitabu chochote cha kanuni. Kenneth Hite, katika Night's Black Agents ya mwaka 2012, anampa msimamizi mchoro wa piramidi ya wanyonya damu wenye ngazi sita, wahuni wa mtaani chini na wakubwa juu, nao wachezaji wanapanda taratibu. Ukiziunganisha hizo mbili unapata adui mwenye daftari la mishahara. Nalo daftari linaibika.

Sasa nije kwenye kampeni yangu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nialikwe hapa. Mji ni wa kubuni, bandari ndogo ya pwani. Kikundi ni chama cha kufa na kuzikana.

Fikirieni. Chama cha kuzikana kina haki ya kuwa karibu na maiti. Kina machela, sepetu, mashuka meupe, wanawake wanaojua kuosha marehemu na watakaoona jeraha shingoni kabla ya daktari yeyote. Kinasafiri usiku kupeleka mwili kijijini na hakuna askari anayetaka kufungua jeneza barabarani. Kinakutana kila Jumapili, kinakusanya fedha, kinaandika majina. Yule askari mwenye tochi akiwauliza mnafanya nini hapa saa hizi, jibu ni la kweli, na pole atawapa.

Wanachama ni ishirini na watatu. Wawindaji ni watano.

Hapo ndipo kampeni iliposhika moto. Wale kumi na wanane hawajui lolote. Fedha ni zao. Kila lita ya mafuta ya taa wawindaji wanayochomea mazimwi imetoka kwenye sanda ya bibi fulani ambaye hajakosa mchango hata mwezi mmoja. Niliwaandalia wachezaji ukurasa wa daftari la mtunza hazina, kwa mwandiko wa mkono: msiba wa mwezi wa tatu, sanda moja, ubani, mafuta ya taa lita ishirini, kamba, chumvi kilo kumi. Nauli: kwenda watu sita, kurudi watu watano. Katika kikao cha wanachama, mama mmoja muuza maandazi, niliyemweka kama mapambo tu, akasimama akauliza, “Wanangu, marehemu anazikwa kwa lita ishirini?” Wachezaji watano wazima, wenye kazi na familia zao, wakatazamana kama watoto waliovunja mtungi.

Fedha yenyewe imo kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama mnavyoyajua ya vikundi vya kuweka na kukopa: funguo kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne. Halifunguki wasipokutana. Ufunguo wa kwanza anao mwindaji. Wa tatu alikuwa nao mzee mmoja mcheshi, aliyeng'atwa katika kikao cha tano, akaanza kuomba mikutano ihamishiwe baada ya magharibi.

Mtaniuliza kwa nini wasitumiane kwa simu. Tukiwa kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya, swali halipo. Baada ya hapo, ujumbe wa uthibitisho unaleta jina, kiasi, saa na dakika, na wakala ana daftari lake. Mruhusu mchezaji atume, kisha weka tarehe akilini. Miezi miwili baadaye mtu atamuonyesha ujumbe ule.

Kuhusu hesabu mezani, msihesabu shilingi. John Harper, katika Blades in the Dark ya mwaka 2017, anahesabu fedha kwa mafungu makubwa machache, nami nimeiga hilo: chama kina mafungu sita kwa msimu, msiba wa kweli unakula moja, uwindaji unakula moja au mawili. Msiba wa kweli napiga dadu kuujua. Kuna msimu iliangukia misiba minne juu ya uwindaji uliokwisha kula mafungu yake, wachezaji wakalazimika kuchagua kati ya zimwi la mtoni na mazishi ya mwanachama mwenzao. Walibishana muda mrefu kuliko pambano lolote tulilowahi kucheza.

Karatasi mliyopewa mlangoni ni nakala ya ukurasa ule wa daftari. Naomba mgawanyike watano watano. Wa kwanza na wa tatu nimewatajia. Mwenye ufunguo wa pili nimemwacha wazi. Kila kundi liamue ni nani, ana shida gani ya fedha nyumbani, na ile nauli ya watu watano ameisoma au bado. Tuna nusu saa kabla ya chai.