Sauti ya Mwanafunzi Katika Simu ya Mwalimu

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesomeshwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo takriban yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na aghalabu ulimi uliokuwa mwepesi jana huwa mzito leo, si kwa upungufu wa akili bali kwa haya na hofu ya kuchekwa. Maradhi haya yana dawa iliyomo mfukoni mwa mwalimu, nayo ni kinasa sauti cha simu yake.

Mwalimu na ampe kila mwanafunzi dakika 2 za kueleza jambo alijualo barabara, mathalani jinsi nazi ikunwavyo na tui likachujwa, la kwanza kando na la pili kando. Kisha amsikilizishe sauti yake mwenyewe, naye, pasipo kukemewa na mtu, atasikia alipomeza neno, alipoikimbiza habari, na zile "yaani, yaani" zijazazo pale fikra ilipokatika. Arekodi tena, na nafuu itadhihiri. Intaneti haihitajiki hata chembe.

Hata hivyo, kifaa peke yake hakitoshi: Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa tableti katika shule za msingi, na hilo ni jema, lakini kifaa kisicho na mwalimu wa kuuliza, "Ulikusudia nini hapa?" hakimfundishi mtu kusema. Tena sauti za watoto ni amana: zisirushwe kwa mzaha katika makundi ya WhatsApp, bali zifutwe somo liishapo, ila ikiwa mzazi ameridhia zihifadhiwe.