Hela: Mhadhara wa Umma, Rubwera



Nimeombwa nizungumzie mambo madogo madogo ya mwanzo wa karne ya 20, yale ambayo vitabu vya shule huyaruka. Nimechagua moja tu, na mnalo midomoni kila siku ya gulio: hela.

Sarafu niliyoshika hapa ni ya heller 10, ya zama za Wajerumani. Ina tundu katikati, na juu ya tundu pana taji la Kaisari. Ukingoni pameandikwa jina la koloni lao, Deutsch Ostafrika. Imesuguliwa na vidole vya watu hata taji limeanza kufifia. Wanafunzi waliokaa mbele, pokezaneni muishike.

Kabla ya 1904, rupia moja ya Wajerumani ilikuwa pesa 64, kwa hesabu iliyotoka India. Mwaka huo serikali yao ikaigawa rupia kwa heller 100. Jina lenyewe lilitokana na Hall, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani uliofua sarafu hizo tangu Enzi za Kati. Wacheki nao walikuwa na haléř yao, na sarafu za mwisho za jina hilo wakaziondoa 2008. Sisi sarafu tuliiacha zamani zaidi, lakini neno tukabaki nalo kama hela. Muuza ndizi wa Rubwera anapodai hela yake, anautaja mji ambao pengine hajawahi kuusikia.

Tundu nalo lina habari yake. Fedha yenye tundu hutungwa kwenye uzi, na watu wa maziwa makuu walizoea kutunga simbi, yaani kauri, hivyo muda mrefu kabla ya Mjerumani. Waingereza nao walitoa senti zenye tundu. Mkoloni alileta taji lake, lakini sarafu ililazimika kufuata mkono wa mwenye kuitumia.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaja. Manowari za Waingereza zilipoziba bahari, sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916, katika karakana ya reli pale Tabora, Wajerumani wakafua zao wenyewe: heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na heller ikawa chuma tu.

Sasa tuangalie hapa tulipo, maana wilaya yetu ya Kyerwa inapakana na nchi mbili. Vuka mto Kagera uingie Rwanda, fedha ni amafaranga, kwa sababu Mbelgiji alitawala kwa faranga. Vuka mpaka pale Murongo uende Uganda, utasikia sente, iliyotoka kwenye senti ya Mwingereza. Na Waganda wanasema ensimbi, yaani simbi zilezile za kale. Wahaya, jirani zetu, wanasema empiya, na ndani yake rupia bado inasikika. Sisi tunasema hela. Mfanyabiashara wa kahawa au maharage anayezunguka njia hizo kwa wiki moja hupitia tawala zote zilizotushika, bila kufungua kitabu.

Hii ndiyo sababu siyaiti haya mambo ya kupoteza muda. Mipaka yetu ilichorwa na wageni mezani. Maneno haya waliyachagua bibi na babu zetu sokoni, wakaacha mengine yakafa. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko barua ya gavana.

Nina ombi moja. Ukikuta sarafu yenye tundu ndani ya kibuyu cha marehemu bibi, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Muulize mzee aliye hai ilikuwa ya nani na ilinunua nini, andika jibu lake kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha peleka nakala kwa mwalimu wa historia aliye karibu nawe.