Mwanga Unaochungulia Jani

Juzi nilimenya muhogo mzuri kwa nje. Ndani, madoa ya kahawia matupu! Nadhani hata aliyeulima hakujua. Nikamkumbuka C. V. Raman wa India, aliyegundua mwaka 1928 kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu yake ndogo mno hutawanyika ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo hutaja kilichomo. Leo jani bichi humulikwa kwa leza bila kukatwa, wala maji yake hayasumbui sana. Huko Texas, Marekani, wanasayansi wamekitumia kifaa cha mkononi cha namna hiyo kutambua ugonjwa wa michungwa na kuvu kwenye punje za mahindi. Mimi nakingoja kwenye shamba la muhogo.