Zidisha Kabla ya Kuchomeka



Umeme hauonekani kwa macho, lakini hupimika. Tungependa kuwaachia hesabu mbili, kuzidisha na kugawanya, ambazo hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuzifanya. Hesabu hizo huokoa fedha, na pengine huokoa nyumba.

Fikirini maji ya bombani. Msukumo wa maji ni mfano wa volti. Wingi wa maji yapitayo ni mfano wa ampea. Na wembamba wa bomba ni mfano wa ukinzani. Ukinzani hupimwa kwa omu, jina litokanalo na mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Volti ukizigawanya kwa ampea, unapata omu. Volti ukizizidisha kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayotumika.

Tuanze nyumbani, ambako umeme wetu ni wa volti 230. Birika lililoandikwa wati 2,300 huvuta ampea 10, kwa kuwa 2,300 gawanya kwa 230 ni 10. Ukinzani wake ni 230 gawanya kwa 10, yaani omu 23. Pasi ya wati 1,150 huvuta ampea 5. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, jumla inakuwa ampea 15. Ekstensheni hiyo imezidiwa. Hupata joto, na joto hilo laweza kuzaa moto.

Sasa twende machimboni. Mchimbaji mdogo avutaye maji duarani kwa pampu ya fezi moja mara nyingi huiweka mbali na mita, na kwa kubana matumizi hununua waya mwembamba. Tuseme waya huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 2, na pampu inavuta ampea 10. Ampea 10 mara omu 2 ni volti 20 zinazopotea njiani. Pampu inabakiwa na volti 210. Volti hizo 20 mara ampea 10 ni wati 200 zinazogeuka joto ndani ya waya. Kwa saa 10 za kazi, uniti 2 za LUKU zimepotea bila kuvuta hata ndoo moja ya maji. Ampea zikiwa 20, joto huwa wati 800, yaani mara nne. Zaidi ya hayo, mota iliyopungukiwa na volti huvuta ampea nyingi zaidi, na hatimaye yaweza kuungua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua waya wa pampu au wa karasha, someni ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mpeni fundi mwenye leseni ya EWURA ampea hizo pamoja na urefu wa njia, naye achague unene wa waya. Iwapo volti ni pungufu tangu kwenye mita, kosa si la waya wenu: toeni taarifa TANESCO, na msiporidhika na majibu, leteni malalamiko kwetu EWURA.